Safari Ngapi Toka Tabora?

Zamani za misafara, mtu aliyeuliza Unyanyembe, nchi ya Tabora, iko umbali gani kutoka pwani hakujibiwa kwa maili, bali kwa vituo na kambi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioiacha pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule, walihesabu siku 134 njiani kabla ya kupokewa na Waarabu waliokuwa wamekwisha kujenga matembe yao hapa. Reli ya kati ilipofika mwaka 1912 iliifuta miezi ile, lakini desturi ya kulipima jambo kwa safari haikufa, na mimi naona haikustahili kufa, kwa kuwa liko jambo moja, linalozungumzwa kwa sauti ya chini katika nyumba za mitaa yetu ya Isevya, Gongoni na Ng'ambo, ambalo halina kipimo kingine kilicho bora: mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani alifanyie nini pengo lililobaki kifuani pake.

Maradhi yenyewe si mageni wala hayakai mbali. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwayo; na katika Tanzania maradhi haya ni ya pili miongoni mwa saratani za wanawake, baada ya ile ya shingo ya kizazi. Linalohuzunisha zaidi ni kwamba takriban wanne kati ya kila watano wa wanawake wetu hufika kwa tabibu maradhi yakiwa yamekwisha kupevuka, uvimbe umekuwa mkubwa au umetoa mitoki kwapani, baada ya miezi ya kuficha, ya kungoja, na ya kusingizia kuwa ni maziwa yaliyoganda. Hospitali ya Kitete, hapa Tabora, itampokea mgonjwa na kumchunguza, lakini dawa za saratani na mionzi humtaka apande ama kaskazini mpaka Bugando, Mwanza, ama mashariki mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, ile taasisi inayotumia majengo yaliyojengwa na Wajerumani ufukweni katika miaka ya 1890. Njia iliyopeleka pembe pwani kwa mabega ya wapagazi siku hizi hupeleka wagonjwa, na kila mmoja wao ana mzigo wake, ijapokuwa haupimwi kwa frasila.

Huo umbali huanza kuamua mambo hata kabla ya kisu. Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Milano walithibitisha, kwa majaribio yaliyochukua miaka mingi, kwamba uvimbe ulio mdogo ukitolewa peke yake, titi likaachwa na kisha likapigwa mionzi, mwanamke huishi sawasawa na yule aliyekatwa titi zima. Ni habari njema kabisa, ila ina sharti lake: mionzi hiyo hupigwa karibu kila siku, kwa majuma matatu, matano au zaidi, na mtu wa Sikonge au wa Kaliua hana nyumba Mwanza wala Dar es Salaam, hana wa kumpikia, na mpunga wake uko shambani. Aghalabu, basi, titi ambalo pengine lingesalimika mjini huondolewa kwa ajili ya nauli na malazi. Na anayesema kuwa mwanamke huyo alichagua, na aongeze kwamba alichagua akiwa amebanwa.

Kabla ya kuzitazama njia zenyewe yafaa tuyaweke maneno sawa, maana nimeona mkanganyiko. Matabibu wetu huita kazi hii ya kuliunda titi upya upasuaji rekebishi, na kitu kinachotiwa ndani ya kifua hukiita kipandikizi. Lakini mwambie mama wa Nzega habari ya kipandikizi naye atakukunjulia mkono akuonyeshe mahali pa vijiti vya uzazi wa mpango, na mazungumzo yataharibika hapo hapo. Kwa hiyo katika makala haya nitasema mfuko wa silikoni, kwa kuwa ndivyo kitu hicho kilivyo hasa: mfuko laini, wa umbo la titi, uliojazwa ute mzito usiomwagika kama maji au, katika namna nyingine, maji ya chumvi.

Mfuko huo una umri wa miaka sitini na zaidi. Ulitiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 katika mji wa Houston, Marekani, na majarahi Cronin na Gerow, na tangu siku hizo umekuwa ndiyo njia inayotumika mno katika nchi tajiri, kwa sababu upasuaji wake ni mfupi na hauombi nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili. Huwekwa chini ya msuli wa kifua au juu yake, na mwili, ambao haupendi wageni, huuzungushia utando. Kwa wengine utando huo hubaki laini. Kwa wengine hukaza, ukalifinya titi likawa gumu na kuuma. Mfuko waweza pia kupasuka bila kelele, na haukuundwa udumu maisha: mwanamke aliyetiwa akiwa na miaka arubaini ajiweke tayari kurudi kisuni angalau mara moja zaidi kabla ya uzee. Tena si kila mfuko ni wa kuaminika. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba kampuni ya Kifaransa, Poly Implant Prothèse, ilikuwa ikiijaza mifuko yake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa mwili wa binadamu, na mwenye kampuni alihukumiwa kifungo; na mwaka 2019 aina fulani ya mifuko yenye ganda la kukwaruza iliondolewa sokoni duniani kote kwa kuhusishwa na saratani nyingine, adimu, ya tezi. Siyasemi haya ili kutisha. Nayasema kwa kuwa mfuko unahitaji jirani: tabibu anayeujua, chombo cha kuuchungulia, na karatasi inayotaja jina na namba yake, ambayo mwenyewe huitunza kama hati ya kiwanja.

Aghalabu ngozi iliyobaki baada ya kukatwa titi haitoshi kuufunika mfuko, na hapo hutangulizwa mwingine mtupu, wenye kitundu cha kutilia maji, ambao hujazwa kidogo kidogo kwa sindano, kila juma au kila majuma mawili, hata ngozi ivutike kama tumbo la mja mzito livutikavyo, ndipo utolewe na kuwekwa ule wa kudumu. Kwa mkazi wa Upanga, Dar es Salaam, hilo ni jambo la kupanda daladala baada ya chakula cha mchana. Kwa mkazi wa Tabora, mwenye kilomita 840 hivi za reli kati yake na Dar es Salaam, kila kijiko cha maji ni safari moja ya kwenda na kurudi, na njia iliyoonekana nyepesi kuliko zote katika kitabu cha tabibu huwa ndiyo ndefu kuliko zote katika daftari la mgonjwa.

Halafu iko mionzi, nayo ndiyo kadhi wa jambo hili. Ngozi iliyopigwa mionzi hukauka na kukaza, mishipa yake ya damu hupungua, na mfuko uliotiwa chini yake huelekea mno kufanyiwa utando mgumu, kuingia wadudu, au kuchomoza nje. Sasa mkumbuke yule mwanamke wetu aliyechelewa: kwa kuwa alichelewa, karibu ni lazima apigwe mionzi, na kwa kuwa atapigwa mionzi, tabibu mwenye hadhari atamshauri amalize kwanza tiba yote, apumzike miezi kadhaa, kisha ndipo litazamwe shauri la titi jipya, nalo liundwe zaidi kwa nyama yake mwenyewe kuliko kwa mfuko. Kungoja huko hakumharibii kitu. Titi laweza kuundwa baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, hata baada ya kumi, na asimkubali mtu amwambiaye kwamba nafasi ni hii hii.

Habari ya nyama ya mtu mwenyewe ina kisa ambacho sikuchoka kukisoma. Mwishoni mwa karne ya 19 aliyetamalaki katika fani hii alikuwa William Halsted wa Baltimore, ambaye kwa kuiogopa saratani alikata titi pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake, na kwa woga ule ule alipinga kufunikwa kwa jeraha kwa nyama nyingine, asije adui akarudi akajificha humo. Wakati huo huo, Italia, jarahi Iginio Tansini alikata kipande cha ngozi mgongoni, bila kukitenga na mishipa yake, akakipitisha chini ya kwapa na kulifunikia jeraha la kifua. Alianza mwaka 1896, na kufikia 1906 alikuwa amekwisha kutambua kwamba kipande hicho huishi vema kikichukuliwa pamoja na msuli mpana wa mgongo uliokibeba. Neno la Halsted likashinda, njia ya Tansini ikaota nyasi, na ilikuwa mpaka miaka ya 1970 ndipo majarahi walipoifufua kana kwamba ni wao walioivumbua. Zaidi ya nusu karne wanawake walinyimwa jambo lililokwisha kujulikana, kwa sababu ya haiba ya mtu mmoja.

Naikawilia njia hii ya mgongo kwa kuwa, kwa rai yangu, ndiyo inayomfaa zaidi mgonjwa wa mikoa ya mbali anayetaka titi la nyama. Mishipa haikatwi ikaungwa upya, basi haihitaji hadubini wala jopo la watu wanaokesha. Jarahi mwenye mafunzo ya kawaida ya upasuaji rekebishi huifanya kwa saa chache, na kipande hicho ni mashuhuri kwa ustahimilivu wake hata penye mionzi. Kasoro yake ni kwamba mgongo wa mwanamke mwembamba hautoi nyama nyingi, hivyo titi huwa dogo au huhitaji kuongezewa mfuko, na kwamba msuli ule ulikuwa na kazi. Ndio unaovuta ndoo kutoka kisimani, ndio unaoshusha jembe na mchi. Wengi hurudia kazi zao baada ya miezi, misuli mingine ikiwa imejifunza kusaidia; lakini anayeishi kwa jembe la mkono ana haki ya kuambiwa kabla, wala si baada.

Njia ya tumbo ndiyo inayosifiwa mno katika miji mikubwa ya dunia. Carl Hartrampf wa Atlanta aliitangaza mwaka 1982: nyama ya chini ya kitovu, ambayo kwa mama aliyezaa mara nyingi ipo ya kutosha, huhamishiwa kifuani pamoja na msuli wa tumbo unaoilisha, na miaka kumi baadaye majarahi walikuwa wamejifunza kuuacha msuli mahali pake, wakachukua ngozi, mafuta na kamshipa kembamba tu, kisha wakakaunga kifuani chini ya hadubini. Titi la namna hii hulainika, huning'inia na kunenepa pamoja na mwenyewe, nalo hudumu maisha yote. Ila namna ya kwanza hulidhoofisha tumbo na yaweza kuleta ngiri kwa mwenye kubeba mizigo, na namna ya pili huchukua saa sita, nane au zaidi mezani, kisha siku za kuchungwa usiku na mchana, kwani kamshipa kakiziba na kusijulikane mapema, kipande chote hufa. Mwanamke anayetarajia bado kuzaa hushauriwa aiahirishe. Na mvutaji, katika mkoa huu ambao Urambo na Kaliua zake zimenawiri kwa tumbaku, ajue kwamba moshi huibana mishipa midogo, na majarahi wengi humtaka aache majuma kadhaa kabla, ama hawamgusi. Mwenye kisukari kisichotawaliwa naye huambiwa vivyo hivyo.

Kwa hesabu ya safari, njia za nyama ni safari moja ndefu ya kukaa, na pengine ya pili ya kusawazisha na kutengeneza chuchu, ambayo wengine huimalizia kwa kuchora rangi tu. Wengine hawaitaki kabisa. Mahali pa kuuliza ni katika hospitali za kanda na Muhimbili, ambako upasuaji rekebishi umepanuka miaka ya karibuni, hususan Mloganzila. Na liko swali moja ambalo mgonjwa asione haya kumwuliza jarahi uso kwa uso, kwa adabu lakini bila kuzunguka: kazi hii hii umeifanya mara ngapi, na ikiharibika nikiwa nimekwisha kurudi Tabora, nani atanitazama?

Zimebaki njia mbili ambazo hazina kisu cha pili, nazo katika vitabu hutajwa mwishoni kwa maneno machache, kama maskini kwenye karamu. Ya kwanza ni titi la nje, la kuvaliwa ndani ya sidiria. Si kitu cha kudharauliwa: Ruth Handler, mwanamke yule wa Marekani aliyempa ulimwengu mwanasesere Barbie, alipokatwa titi mwaka 1970 na asione dukani la kumfaa, aliunda kampuni ya kuyatengeneza. Yale ya silikoni ni ghali na joto la Oktoba huyafanya yachome. Lakini Thika, nchini Kenya, wako wanawake waliougua wenyewe ambao huyafuma kwa uzi na kuyashindilia pamba, na hakuna katika kazi hiyo jambo linalomshinda fundi cherehani wa Tabora, katika mkoa ambao Igunga na Nzega zake hulima pamba. Siri ni uzito. Titi la pamba tupu ni jepesi, basi sidiria hupanda upande mmoja na mabega hukaa mshazari, hata shingo na mgongo vikaanza kuuma. Kwa hiyo hutiwa katikati kijifuko cha mbegu kavu au shanga, kinachotolewa kitambaa kinapofuliwa, na hupimwa hadi mizani ya kifua ikae sawa. Sidiria iwe na mfuko wa ndani wa kulishikilia, asije mwenyewe akainama sokoni likamtoka.

Njia nyingine ni kubaki bapa. Wako wanawake wasiotaka nyama wala pamba, waliochoka na hospitali, au walioona tu kwamba kifua chao kilichopona ni kifua chao. Nao hawafanyi makosa. Ila hata ubapa una ustadi wake, kwa maana jarahi anayedhani kuwa mgonjwa atarudi kuundiwa titi huweza kumwachia ngozi ya ziada, nayo ikakunjamana na kusuguana kwapani. Kwa hiyo anayetaka kifua kilichonyooka aseme mapema, kabla ya kulazwa, na aseme waziwazi.

Penye shauri la namna hii katika mji wetu hawakosi wa kuuliza habari ya dini, na baadhi huuliza kwa nia ya kumzuia mtu. Yafaa wakumbushwe kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, akajitengenezea ya fedha, ikanuka, na Mtume akamwamuru aifanye ya dhahabu. Katika mwelekeo huo huo, Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilihalalisha upasuaji wa kurekebisha kilichoharibiwa na maradhi au ajali, na kuutenga na ule wa kubadili umbile kwa matamanio tu. Kuhusu waume, nitasema moja: nimewahi kusikia mume akijadiliana na shemeji zake, kwa nia njema kabisa, ni titi la namna gani lingefaa, ilhali mwenye kifua amekaa jikoni akichambua mchele. Mashauri ya ukoo ni mema, kwani nauli hutoka huko. Lakini aulizwe kwanza yeye, peke yake, na mtu asiyemwogopa.

Na yeyote atakayechagua lolote asidanganywe. Titi lililoundwa halitoi maziwa, na hisia zake hurudi kidogo au hazirudi. Kwa upande mwingine, haliirudishi ile saratani ya kwanza wala haliifichi, tofauti na alivyohofu Halsted. Mwanamke ataendelea kuhudhuria kliniki yake vile vile kama asiyeundwa.

Wakati mashauri hayo yanaendelea, mkono haungoji. Mwanamke aliyekatwa titi na kuondolewa tezi za kwapa, asiponyoosha bega lake mapema kwa idhini ya tabibu, hulikuta limekaza hata kufunga kilemba kukawa kazi. Na mkono wa upande ule huweza kuvimba, basi usipimwe shinikizo la damu, usichomwe sindano kukiwa na mwingine, wala usibebeshwe ndoo. Wauguzi humfundisha zoezi lisilo na gharama: asimame kuuelekea ukuta, aweke vidole ukutani usawa wa kiuno, avitembeze kwenda juu kama buibui mpaka bega likatae, akae hapo pumzi chache, kisha ashuke. Kwa mkono mwingine apige alama ya mkaa mahali vidole vilipofika, na kesho asubuhi aanze tena kutoka chini.